Jumamosi za Ustinya

Ustinya alikuwa na hasira tangu alfajiri, na hasira yote aliimalizia kwenye kikaango. Ilikuwa Jumamosi ya wiki ya siagi, wiki ambayo watu wa kijijini kwetu hula chapati za maji mpaka wanashindwa kufunga vifungo, kabla Kwaresima haijafika ikawanyima kila kitu. Kila chapati aliyoigeuza aliigeuza kwa kishindo. Baba yake, Yermolai Savvich, alikuwa amekaa mezani akichana ndevu kwa ajili ya wageni, na alijifanya hasikii.

Wageni wenyewe walikuwa Kondrat mhunzi na shangazi yake, ambaye pia alikuwa mshenga wake. Kondrat alikuwa mgane wa miaka thelathini, mtu mkimya, mwenye mabega mapana na mikono iliyojaa makovu ya cheche. Hakuna mtu kijijini aliyekuwa na neno baya juu yake, hata Ustinya hakuwa nalo. Tatizo ni kwamba Ustinya alikuwa tayari ameolewa.

Au hakuwa ameolewa. Hilo ndilo lililomchosha.

Miaka mitatu nyuma, akiwa na miaka kumi na minane, alitoka kanisani akiwa na pete kidoleni, mkono wake ndani ya mkono wa Lukyan, mwana wa mchemsha lami. Yermolai hakuipenda ndoa ile. Alisema waziwazi kwamba hakumlea binti yake wa pekee na kumnawisha uso kwa maziwa ili aende kunuka lami kwenye kibanda cha mwisho wa kijiji. Lakini Ustinya aligoma kula siku tano, na siku ya sita mzee akasalimu amri.

Asubuhi ya harusi, mchawi wa ng'ambo ya kinamasi alikuja getini kuomba nafasi kwenye karamu, kama ilivyokuwa desturi kumpa. Yermolai, ambaye tayari alikuwa na kinyongo na siku yenyewe, alimfukuza kwa mjeledi wa farasi. Mchana, sleji ya maharusi, gari lao la kuteleza juu ya theluji, ilipokuwa inakatisha msitu wa misonobari, farasi walisimama ghafla. Mzee yule alikuwa katikati ya njia. Hakusema neno. Lukyan aliruka chini amuulize anataka nini, na yule mzee akampulizia usoni, taratibu, kama mtu anayepoza supu. Kabla theluji haijamalizika kuruka kwenye visigino vya Lukyan, pale aliposimama palikuwa na mbwa mwitu wa kijivu, na kitambaa cha harusi kilichodariziwa na Ustinya mwenyewe kikiwa bado kimefungwa begani kwake. Akakimbilia msituni. Mchawi naye alikufa majira yale yale ya baridi, na siri zake akaenda nazo.

Tangu siku hiyo Ustinya hakuwa na mahali pa kukaa. Kwetu msichana husuka msuko mmoja, na mke husuka miwili na kuificha chini ya kilemba, na anayemgawanyia bibi harusi nywele ni mama mkwe, siku ile ile, nyumbani kwa mume. Ustinya hakufika kwa mume. Wasichana walipokusanyika kusokota nyuzi walimwambia nafasi yake iko kwa wake za watu, na wake za watu waliutazama msuko wake mmoja wakasogeza mabenchi. Akazoea kukaa karibu na mlango.

Aliyempa matumaini alikuwa Pelageya, mama yake Lukyan. Alimwambia kwamba bibi harusi anaweza kumrudisha mtu wake kwa mshipi aliousuka kwa mkono wake: aurushe juu ya mnyama na kulitaja jina lake. Ila mnyama lazima aje mwenyewe, kwa hiari yake, na asimame. Hafukuzwi wala hategwi.

Basi kila Jumamosi Ustinya alikwenda ukingoni mwa msitu, nyuma ya uwanja wa kupuria, akiwa na mshipi mwekundu na kipande cha mkate mweusi. Alikwenda kwenye theluji, kwenye matope, kwenye mbu wa mwezi wa saba. Alisimama akaita. Akazungumza na miti kwa sauti, akaeleza habari za kijiji, akasema mshipi ninao, njoo tu, mimi sikuogopi. Watoto walimwigiza njia nzima. Mara nyingine alihisi anatazamwa, akarudi nyumbani anatetemeka kwa furaha. Lakini miaka mitatu ilipita na hakuja mtu wala mnyama.

Kisha baba yake akaja na barua kutoka kwa askofu kwamba ndoa ile haipo tena, na Kondrat akaleta posa. Ustinya hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema tu kwamba waje. Na hii ilikuwa Jumamosi ya kwanza ambayo hakwenda msituni, ingawa mshipi, kwa mazoea, alikuwa ameufunga kiunoni chini ya aproni.

Wageni walifika jua likiwa limepanda. Shangazi alikaa chini ya picha za watakatifu, akala chapati saba kwa krimu, akauliza habari za kusuka, za kukamua, za afya ya meno. Yermolai alijibu kila swali yeye mwenyewe, kama vile bintiye alikuwa bubu. Kondrat alitazama mikono yake. Mwishowe aliomba ruhusa aseme jambo moja, na akamwambia Ustinya kwamba akiwa mke wake hatamkataza kwenda msituni siku za Jumamosi. Angemwomba tu avae buti nzito.

Maneno hayo yalimpata Ustinya pabaya. Aligeuka upande wa jiko ili wasimwone macho, na akazidi kukasirika, safari hii na mhunzi, kwa kuwa mtu mwema siku ambayo yeye hakutaka wema wa mtu.

Hapo ndipo mbwa wa uani alipobweka mara mbili, akanyamaza katikati ya mbweko wa tatu.

Barabarani watu walianza kupiga kelele. Yermolai alichungulia dirishani na rangi ikamtoka usoni. Aliinuka, akachukua shoka nyuma ya mlango. Lakini Ustinya alikuwa karibu zaidi, akatangulia kutoka.

Mbwa mwitu alikuwa amesimama mbele ya ngazi. Majirani walikuwa wamejazana getini na uma za kubebea nyasi mikononi, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mnyama hakuwatazama. Alikuwa akimtazama Ustinya, na macho yale yalikuwa ya kahawia, yenye kile kidoa cha manjano kwenye jicho la kushoto ambacho Ustinya alikuwa akikiota miaka mitatu.

Mara ngapi alikuwa ameiwaza saa hii. Katika mawazo yake Lukyan alikuja amekonda, mbavu nje, damu miguuni, na yeye alimkimbilia akilia. Huyu aliyekuwa mbele yake alikuwa na manyoya yanayong'aa, shingo nene na tumbo zuri. Alikuwa amenenepa. Ustinya alilitazama tumbo lile na kitu kikamkata ndani ya kifua.

"Leo," alisema. "Jumamosi zote zile, umeona uje leo."

Mbwa mwitu aliinamisha kichwa.

Nyuma yake Kondrat alimwomba kwa sauti ya chini arudi ndani. Yermolai alikuwa ameshashuka ngazi moja, shoka begani. Ustinya aliingiza mkono chini ya aproni, akafungua mshipi, na akaurusha kwa nguvu zake zote, kama mtu anayemchapa mwizi. Ulimpiga mnyama usoni.

"Lukyan," alisema, na jina lilitoka mdomoni mwake kama tusi. "Simama kwa miguu miwili unijibu."

Hapakuwa na radi wala moshi. Palisikika kikohozi, kisha kikohozi kingine, na kwenye theluji palikuwa na kijana uchi, amepiga magoti, mvuke unamtoka mgongoni kama farasi aliyekimbizwa. Wanawake getini walijifunika nyuso kwa shali, wakaacha nafasi ya jicho. Kondrat ndiye aliyevua koti lake la ngozi ya kondoo, akashuka, akamfunika nalo. Alifanya hivyo bila kumtazama usoni.

"Ustya," alisema Lukyan. Sauti yake ilikwaruza kama mlango wa ghala.

"Usiniite hivyo. Jina hilo lilikuwa la mtu aliyekuwa akinijia nikimwita."

"Nimekuja."

"Umekuja siku wanapokuja wengine. Ulinusa mhunzi ukaja? Mbwa naye anajua kufanya hivyo."

Lukyan alijaribu kuinuka. Miguu haikumkubali, akashika nguzo ya ngazi. Ndipo watu wote walipouona mkono wake wa kulia: vidole viwili vya mwisho havikuwepo. Kovu lilikuwa la zamani, limepona vizuri, limenyooka kama lililopimwa.

Yermolai alishuka ngazi nyingine. Alimwambia Lukyan atoke uani kwake, kwamba hapa hakuna mke wake, kuna barua ya askofu, kuna mchumba mwingine, kuna chakula mezani. Alimwambia arudi alikotoka, miguu minne au miwili ni shauri lake. Lukyan alijibu kwamba atatoka Ustinya akimwambia. Mzee akatikisa kichwa, ndevu zote zikitetemeka.

"Laiti siku ile ningelenga shingo," alisema.

Getini watu walisogea karibu.

Ustinya aligeuka polepole. "Siku gani, baba?"

Yermolai alilihamishia shoka bega la pili.

"Siku gani?" Ustinya alimtazama Lukyan, na Lukyan akatazama chini. Alimtazama tena baba yake, kisha shoka, kisha mkono ule. "Wiki ya harusi. Siku ya nne. Ulisema mbwa mwitu amekuja kuiba kondoo. Palikuwa na damu kwenye ngazi ya chini, hii hapa. Niliisugua mimi. Niliisugua kwa majivu na maji ya moto mpaka kucha zikaniuma, na wewe ulikuwa umekaa ndani unakula uji."

"Ustya, binti yangu..."

"Alikuwa na kitambaa changu begani?"

Mzee alilishusha shoka.

"Baba, nakuuliza. Alikuwa na kitambaa?"

"Alikuwa nacho," alisema Yermolai. Shoka lilikuwa limeshuka, kichwa chake kinagusa theluji. "Alikuwa amelala hapo, kidevu juu ya miguu, kama mbwa wa nyumba. Nikamjua. Nikajua pia ni mjeledi wangu uliomleta hapo, na kwamba wewe ukiamka utamwona na utajua vilevile. Nisingeweza kukaa nyumba moja na jambo hilo."

"Kwa hiyo ukaamua nikae nalo mimi."

Hakupiga kelele. Waliokuwa getini wanasema ingekuwa afadhali angepiga, kwa sababu sauti ile ya chini ilimfanya Yermolai Savvich, mtu aliyepigana na dubu akiwa kijana, akae kwenye ngazi. Alisema maneno mengi hapo. Alisema alidhani msichana atasahau, kwamba wasichana husahau, kwamba kila Jumamosi alipomwona anafunga shali yake kwenda msituni alitaka kusema na ulimi ukawa mzito. Ustinya alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha aliingia ndani, akampita shangazi wa mhunzi aliyekuwa amesimama mlangoni na chapati mkononi, akafungua sanduku, akafunga kwenye shali mashati mawili, kioo cha marehemu mama yake na mto.

Shangazi aliona aseme neno la kupunguza uzito. Alisema miaka arobaini amekuwa mshenga, ameona bwana harusi aliyekuja amelewa na mwingine aliyekuja na mama yake amembeba, lakini wa miguu minne huyu ni wa kwanza. Hakuna aliyecheka. Kondrat alipanda ngazi, akamshika mkono akamtoa nje taratibu.

Mlangoni mhunzi alisimama mbele ya Ustinya. Alikuwa na shati tu, na baridi ilikuwa ya kugandisha mate.

"Koti atanirudishia akishapata lake," alisema. "Na wewe, Ustinya Yermolaevna, usinione vibaya. Kikaango chako nilikisikia tangu barabarani. Nilijua kwamba hazikuwa zangu zile chapati."

Ustinya alitaka kumwomba radhi. Kondrat alitikisa kichwa, akavaa kofia, akaenda zake, na majirani wakampisha njia kwa heshima kubwa kuliko waliyompa alipokuja.

Ustinya aliposhuka na kifurushi chake, baba yake alikuwa bado kwenye ngazi. Alimwambia kwamba akivuka geti lile asitegemee kulivuka tena.

"Nililivuka miaka mitatu iliyopita, baba, kwa kengele na nyimbo," alisema Ustinya. "Wewe ndiye uliyenirudisha." Akamgeukia Lukyan. "Na wewe tembea nyuma yangu. Usitembee kando yangu."

Walivuka kijiji hivyo, msichana mbele na kifurushi, kijana nyuma bila viatu ndani ya koti la mtu mwingine, akijikwaa kila hatua ya pili kwa sababu alikuwa amesahau urefu wa mwili wake. Ustinya alisikia kila alivyojikwaa. Mara mbili alipunguza mwendo, na mara zote mbili alijikasirikia, akauongeza tena.

Kibanda cha Pelageya kilikuwa cha mwisho, karibu na tanuri la lami lililopoa tangu mumewe alipofariki. Mama mwenyewe alikuwa uani akibeba maji. Alikuwa mwembamba, mfupi, mwenye ulimi ambao kijiji kizima kiliuogopa. Alipomwona anayekuja nyuma ya Ustinya aliweka ndoo chini, kwa uangalifu, lisimwagike hata tone. Hakulia. Alimzunguka mwanawe mara moja, akamshika taya, akamfungua mdomo akatazama meno, akauinua ule mkono wenye vidole vitatu akautazama pia. Mkono ule aliubusu.

Kisha akauliza, "Mbuzi wangu mweupe. Wa mwaka juzi, aliyepotea kwenye vichaka. Ni wewe?"

Lukyan aliinamisha kichwa.

"Ni wewe," alisema mama. Akachukua mwiko uliokuwa kwenye kiuno chake akampiga nao begani, na mgongoni, na begani tena, mpaka mwiko ukavunjika, na hapo ndipo alipomkumbatia na kuanza kulia kwa sauti, huku akimweleza jinsi mbuzi yule alivyokuwa na maziwa.

Ustinya alisimama pembeni na kifurushi chake. Hasira ilikuwa bado imemkaba, lakini ilibidi ageuze uso asionekane anataka kucheka.

Ndani, karibu na jiko, Pelageya alimpa Lukyan suruali na shati la baba yake, akamfukuza nje akachanje kuni. Kisha akavuta kigoda, akachukua kitana, akamwambia Ustinya akae amgawanyie nywele, kwani kazi ile ilichelewa miaka mitatu na haina sababu ya kuchelewa mpaka jioni.

"Leo hapana, mama," alisema Ustinya.

"Umekuja kwangu. Wageni hawaji na mto."

"Nimekuja kwa sababu hapa ndipo nilipokuwa nikija siku ile. Lakini mume wangu ni nani bado sijui. Nilimjua kijana mmoja. Huyu aliyeko nje ana tumbo la mtu aliyekula vizuri wakati mimi nalia."

Pelageya alikipangusa kitana kwa kiganja. Alirudisha kitana juu ya rafu, mahali pa kufikika kwa urahisi.

"Basi nenda kamuulize," alisema. "Mimi akinijibu nitamsamehe tu, nimemzaa. Wewe hujamzaa, muulize vizuri."

Jua lilikuwa limeanza kuelemea upande wa msitu, lakini theluji ilikuwa bado inaumiza macho. Lukyan alikuwa kwenye rundo la kuni, na alikuwa anaharibu kazi. Shoka lilimponyoka kwenye vidole vitatu, likaangukia pembeni, akaliokota, likamponyoka tena. Ustinya alikaa juu ya gogo akamwangalia, na hakumsaidia.

"Ulikuwa unanisikia?" aliuliza.

"Kila Jumamosi."

"Ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya msonobari ulioanguka. Hatua kumi na mbili kutoka uliposimama."

"Kumi na mbili." Ustinya alilirudia neno lile kana kwamba alikuwa anaonja kitu kilichooza. "Ulizihesabu. Ulipata muda wa kuzihesabu. Nilikuwa nakuambia sikuogopi. Siku moja mvua ilininyeshea mpaka mshipi ukachuja rangi mikononi mwangu, nikarudi nayo myekundu, watoto wanasema nimeua mtu. Ulikuwa pale siku hiyo?"

"Nilikuwepo."

"Na hatua kumi na mbili zilikushinda."

Lukyan aliliweka shoka chini. Alisema kwamba mwaka wa kwanza aliogopa, kwamba kila alipotaka kutoka aliiona ile ngazi na lile shoka, na mguu ukamuuma mpaka akalala chini. Alidhani pia kwamba labda Ustinya alijua, kwamba baba na binti walikuwa wameafikiana, na sauti ile tamu ilikuwa ya kumtega.

"Hilo naliamini," alisema Ustinya. "Hiyo ni ya mwaka mmoja. Mimi nimesubiri miaka mitatu."

Kwenye paa la kibanda barafu ilidondoka. Lukyan aliufuta uso wake kwa mkono ule uliopungua, akamtazama Ustinya moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na Ustinya, ambaye alikuwa amejiandaa kwa uongo, alilishika gogo kwa mikono miwili.

"Mwaka wa pili mguu ulipona," alisema Lukyan. "Nikaanza kukimbia. Sijui nikuelezeje. Kule hakuna aliyeniita mwana wa mchemsha lami. Hakuna aliyesogea pembeni kwa sababu nanuka. Nilikuwa nikiamka asubuhi na theluji yote ni yangu. Nilikuwa na furaha, Ustinya. Nilikuja kila Jumamosi kwa sababu nakupenda, na niliondoka kila Jumamosi kwa sababu nilipenda na kule. Nilijiambia nitatoka wiki ijayo. Nikajua wiki ijayo utakuwepo. Nikakuzoea kama mtu anavyozoea asubuhi."

"Na leo asubuhi sikuwepo."

"Leo hukuwepo. Nilikaa mpaka jua likapanda. Nilidhani umekufa."

Ustinya aliinuka. Alikwenda mpaka uzio, akarudi. Alikuwa anatafuta kitu cha kurusha, na mkononi akajikuta na kipande cha kuni, akakirusha, kikapita sikio la Lukyan kikagonga ukuta. Lukyan hakukwepa.

"Mimi nilikaa mlangoni miaka mitatu," alisema, na sasa sauti yake ilipanda, ikavunjika, ikapanda tena. "Mlangoni, Lukyan, penye upepo, kwa sababu hakuna benchi lililonitaka. Wasichana wenzangu wamezaa. Nilikuwa nikilala nawaza kama una njaa. Nilikuwa nikiacha nyama yangu sahanini, nakuachia kwa moyo, kana kwamba itakufikia. Na wewe ulikuwa na furaha."

"Ndiyo."

"Usiseme ndiyo."

"Ni kweli. Ningesema nini?"

Ustinya aliyafuta machozi kwa aproni iliyokuwa bado na unga wa chapati, na unga ukamshika mashavuni. Lukyan aliinua mkono, akaushusha kabla haujafika. Alikaa pale alipokuwa, na ilionekana alitaka sana kusogea, na kwamba kutosogea kulikuwa kunamgharimu.

Ustinya alirudi akakaa juu ya gogo. Ustinya alisema hatimaye kwamba kama angemdanganya, kama angesema alifungwa, au mchawi alimshika, au hakuielewa lugha ya watu, yeye angechukua mto wake na kesho asubuhi angekuwa kwa Kondrat. Alikuwa ameshaamua hivyo njiani. Lukyan alisema hakujua. Ustinya alisema anajua kwamba hakujua, ndiyo maana bado amekaa kwenye gogo hili linalomgandisha.

"Unataka kurudi kule?" aliuliza.

Lukyan aliugeukia msitu. Ustinya aliona jinsi pua yake ilivyopanuka, jinsi shingo ilivyonyooka, na moyo ukamdunda kwa hofu ambayo hasira haikuweza kuifunika.

"Kuna wakati nitataka," alisema Lukyan. "Nikitaka nitakuambia. Sitakwenda kwa kunyatia."

"Kesho nitaamka nina hasira."

"Najua."

"Hujui. Kesho, na keshokutwa, na Kwaresima yote mpaka Pasaka. Nitakuuliza maneno haya haya mezani, mbele ya mama yako, na utanijibu. Ukisema nilishajibu, nitaondoka. Nitakutukana na utakaa. Na mimi sitakuahidi kwamba mwishoni kuna kitu."

Lukyan hakuharakisha. Aliokota shoka, akalishika upya, kidole gumba kikiwa mbele zaidi, na safari hii halikumponyoka.

"Nitajibu," alisema.

Ustinya alimtazama kwa jicho kali, kuanzia nywele ndefu zilizosokotana hadi miguu iliyobabuka kwa baridi. Unga ulikuwa bado uko mashavuni mwake.

"Basi ingiza kuni," alisema. "Mama anasikia baridi."

Akatangulia kwenda ndani, na mlango akauacha wazi nyuma yake.